Ndiyo ya Kituo cha Kumi na Tisa

Mama Lugano anasema ni radi.

Anasema siku ile mzee Mwakasungula alipolazwa kwenye kitanda cha chuma kule hospitali ya kilimani, mashine ikiwa imeshaingiza mikono yake minne ndani ya tumbo lake, radi ilipiga juu ya mlima Rungwe na mashine ikashtuka. "Ilishtuka kama kuku aliyemwagiwa maji," husema, na hapo huonyesha kwa viungo vyake mwenyewe, viwiko juu, vidole vinatetemeka. "Mkono mmoja ukaruka, ukagusa pasipoguswa. Kumbe koki ya mkojo ya mwanadamu ni kitu kidogo, hakizidi pete ya ndoa! Ikakatwa. Tangu hapo mzee wa watu ni bomba lisilofungika."

Aliyemwambia ni nani? Shemeji yake, anayefyeka majani kwenye uwanja wa hospitali. Na huyo shemeji aliona? Hapana, lakini radi aliisikia.

Safari hii aliisimulia siku ya kupima watoto uzito, kina mama wamekaa kwenye benchi wakisubiri zamu, na kwenye benchi hilohilo alikuwepo Tusajigwe, mkamwana wa mzee huyohuyo, na mwanawe Gwakisa mapajani. Mama Lugano hakupunguza sauti. Hata alimgeukia, akamshika bega.

"Wewe mama Gwakisa si unafanya kazi kulekule? Waambie hawa wabishi. Radi ilikuwepo, haikuwepo?"

"Mimi nafagia tu, mama Lugano. Ya ndani siyajui."

"Mnasikia? Mtoto mwenye macho kama huyu wanampa ufagio! Huyu kabla ndege za kuvuna hazijaja alikuwa anachuma chai, na jani baya lilikuwa halipiti mkononi mwake. Wangemweka huyu kuitazama ile mashine, mzee angekuwa anatembea leo na suruali kavu."

Kina mama wakacheka, si kwa ubaya. Tusajigwe naye akacheka. Alijisikia anacheka, akajichukia, lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka, na Gwakisa akaitwa kwenye mizani.

*

Hakuwa anafagia. Zaidi ya miaka miwili sasa Tusajigwe alikuwa shahidi wa chumba cha tatu.

Ndivyo walivyoitwa: mashahidi. Miaka ya nyuma, katika nchi nyingine huko, mashine ya upasuaji ilimtoa mtu figo iliyokuwa nzima, na chumbani hakukuwa na binadamu hata mmoja wa kusema hebu ngoja. Daktari alikuwepo, lakini alikuwa ghorofani akisimamia vyumba vinne kwa mpigo. Basi sheria ikatungwa, na huku kwetu nako ikafika: mashine yoyote isimkate mtu bila mtu mwingine kukaa akiangalia tangu mwanzo hadi mwisho.

Walianza kwa kuajiri wasomi. Wasomi walikuwa wepesi wa kuelewa, ila saa ya pili ikiingia walikuwa wanapiga miayo, na saa ya tatu walikuwa wanabonyeza tu. Ndipo mtu mmoja akafikiria wachuma chai, ambao ndege ndogo za kuvuna zilikuwa zimewanyang'anya mashamba. Tusajigwe alikuwa na darasa la saba na miaka saba ya kuchuma majani mawili na chipukizi. Walimkalisha mbele ya picha elfu moja za nyama nyekundu, wakamwambia atafute ile isiyofanana na wenzake. Alizipata zote kumi na mbili. Walikuwa wameficha kumi na moja. Ya kumi na mbili ilikuwa kosa lao wenyewe.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unakaa kwenye kibanda cha kioo, unaingiza uso ndani ya chombo kama anayechungulia mtungini, na mle ndani unaona ndani ya mtu. Mkono wa kushoto wa picha kuna mchoro alioufanya daktari asubuhi: kata hapa, acha hapa. Mkono wa kulia kuna nyama yenyewe, inameta, inapumua. Mashine, ambayo wote waliiita Fundi, hufika mahali akasimama. Huchora mstari wa kijani pale anapotaka kupitisha kisu. Kengele inalia. Wewe unalinganisha mstari na mchoro. Vikifanana unakanyaga pedali: ndiyo. Visipofanana unabonyeza kitufe chekundu, na Fundi anatulia mpaka daktari ashuke. Kutoa tezi dume yenye saratani kuna vituo thelathini na kimoja. Tusajigwe alikuwa amesimamia wagonjwa mia mbili na kumi na tatu, chekundu alikibonyeza mara mbili tu, na mara zote mbili daktari alishuka, akaangalia, akamshika mkono.

Tena Fundi naye alimwangalia shahidi. Ndani ya kile chombo kulikuwa na jicho dogo la kupima macho ya anayetazama. Ukisinzia, linalia. Ukitazama pembeni zaidi ya sekunde tatu, linalia na kila kitu kinasimama.

Nyumbani hakuwahi kueleza hayo. Angewaelezaje? Kwamba kila Jumatatu na Alhamisi anakaa saa nne akitazama sehemu za siri za wanaume wazee kwa ndani? Mumewe, Ambilikile, dereva wa malori ya Tunduma, aliambiwa kwamba mkewe anafagia chumba cha mashine. Mama mkwe aliambiwa hivyohivyo. Na baba mkwe hakuambiwa kitu, kwa sababu na baba mkwe hawakuwa wanazungumza.

Hawakuwa na ugomvi. Ni desturi. Kwa Wanyakyusa wa zamani mke wa mwana hamtazami baba mkwe wake, wala hapiti njia moja naye, wala halitaji jina lake. Wengi mjini wameshaiacha, wanakula meza moja na kucheka. Kwa mzee Mwakasungula haikuachwa. Miaka sita Tusajigwe aliishi kwenye boma lake, alijua kikohozi chake, alijua mlio wa ndala zake, alijua kwamba ugali anaupenda mgumu, na uso wake asingeweza kukueleza ulivyo. Mzee akiingia kwa mlango wa mbele, yeye anatoka kwa wa nyuma. Lakini yapo mambo ya ghafla. Unakata kona ya migomba, una ndoo ya maji kichwani, na yeye huyo hapo, hatua tatu. Kuinama huwezi, kugeuka huwezi. Hapo mkamwana hujifunza jambo ambalo hakuna anayemfundisha: kuyaacha macho wazi, mbele, palepale yalipo, na yeye mwenyewe kutoka ndani yake. Macho yanabaki kama madirisha ya nyumba ambayo wenyewe wamesafiri.

Mama mkwe alimsifu kwa hilo mbele za watu. "Huyu wangu," alisema, "hata akigongana na baba yake, hamuoni."

*

Siku ile mzee alikuwa ameaga anakwenda Kyela kwa mpwa wake kuangalia shamba la mpunga. Alivaa koti. Alibeba hata kikapu.

Wagonjwa huingia chumbani kwa namba, jina halitajwi, na shahidi huketi kibandani wakiwa wameshafunikwa shuka la kijani, kimeachwa kipande tu cha tumbo. Namba mia mbili na kumi na nne alikuwa ameshalazwa kichwa chini miguu juu, kama inavyotakiwa, wakati Tusajigwe anafunga mikanda ya kiti chake. Kwenye spika mtu wa dawa ya usingizi alikuwa anasema, "Haya mzee, nihesabie mpaka kumi."

"Kumi?" sauti ikajibu. "Mimi nimekuwa mzee wa baraza mahakama ya mwanzo miaka thelathini, nimehesabu ng'ombe wa watu wakilia na kugombana, wewe unanipa kumi? Nipe hesabu ya maana, kijana."

Wauguzi wakacheka. Sauti ikafika nne, ikakohoa kikohozi kile, ikazimika.

Tusajigwe alibaki ameshika mkanda.

Utaratibu aliujua. Shahidi akimtambua mgonjwa, anabonyeza chekundu, anasema "namfahamu," anatoka, anaitwa mwingine. Dakika kumi tu. Aliona kitufe, kilikuwa shibiri moja kutoka kidoleni. Lakini baada ya "namfahamu" lazima mtu aulize unamfahamuje. Kulikuwa na wauguzi wawili pale, mmoja anatoka mtaa wa pili tu kutoka nyumbani. Aseme nini? Kwamba huyo aliyetundikwa miguu juu hapo, huyo asiye na nguo, ni baba wa mume wangu? Kulisema tu kungekuwa ni kumvua shuka kwa mara ya pili.

Na Fundi je, si hodari? Alikosea mara mbili tu katika mia mbili na kumi na tatu.

Basi akaingiza uso ndani ya chombo. Akafungua macho. Akatoka ndani yake.

Kwa saa tatu na nusu alikaa vile. Kulikuwa na wekundu mbele yake na ulikuwa mbali, kama moto wa kijiji kingine. Kengele ililia, akakanyaga. Ililia, akakanyaga. Alihesabu kengele kwa sababu kuhesabu hakuhitaji kuona. Jicho dogo la mashine likapima macho yake, likayakuta wazi, yametulia, yameelekea panapotakiwa, wala hayayumbi kama ya siku nyingine. Halikulia hata mara moja.

Kulikuwa na radi? Ndiyo, radi ilikuwepo. Ilipiga mbali, na Fundi hakutikisika.

*

Wiki mbili baadaye mpira wa mkojo ulitolewa, na mkojo haukungoja kuitwa. Ulikuwa unatoka akisimama, akicheka, akikohoa, akiinuka kumsalimu mtu. Uongo wa Kyela ikabidi utubiwe nyumbani, mambo yote yakajulikana, isipokuwa moja. Madaktari wakasema subirini miezi mitatu, misuli itajifunza. Ikapita mitatu, ikapita sita. Mzee aliyezoea kuitwa kuamua mipaka ya mashamba aliacha kutoka nje ya geti. Alikaa chumbani kwake kwenye kiti kilichovalishwa nailoni, na watu wakija aliagiza waambiwe amelala.

Mashuka alifua Tusajigwe. Hakuombwa. Aliamka, akayakusanya, akayaanika nyuma ya zizi, si kwenye kamba ya mbele, kwa kuwa majirani wana hesabu zao.

"Mungu akulipe," mama mkwe alimwambia. "Wengine wangeziba pua."

Maneno hayo yalimwingia kama mwiba wa samaki: kumeza haumezeki, kutema huwezi mbele za watu.

*

Daktari Kokugonza alimwita Jumanne moja. Alikuwa Mhaya wa Kamachumu, mfupi, mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, na mezani kwake hakikukosa kikopo cha kahawa za kutafuna alizotumiwa kutoka kwao.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, Tusa. Kaa. Chukua kahawa." Akamsogezea kikopo. "Usitetemeke, sijakuitia ubaya. Nimekuita nijifunze kwako."

Ukutani nyuma yake kulikuwa na picha ya Tusajigwe mwenyewe, amevaa kitenge alichopewa, chini yake maneno: Shahidi Bora wa Mwaka. Walimpa kwa sababu ya siku ile. Fundi alikuwa amerekodi saa tatu na nusu za macho yasiyoyumba, jambo ambalo halijawahi kutokea, akampa alama mia kwa mia.

"Unajua mashine hizi husomeshana," daktari akasema. "Kila Ijumaa. Hii yetu ikijifunza kitu, arobaini nyingine nchi nzima zinakijua. Na kinachoitwa somo ni nini? Ni mstari aliouchora Fundi, na shahidi anayeaminika akasema ndiyo. Sasa tazama."

Akawasha picha. Tusajigwe aliona nyama inayometa, aliona mchoro wa kushoto, aliona mstari wa kijani ukijichora kulia. Kituo cha kumi na tisa, pale tezi inapoachana na msuli wa kubana mkojo. Mchoro wa daktari uliacha upana wa punje ya mahindi. Mstari wa Fundi ulipita chini yake, katikati ya msuli wenyewe, waziwazi, kijani kabisa. Mtu wa wiki ya kwanza angeuona. Mama Lugano angeuona.

Kengele ikalia kwenye picha. Pedali ikakanyagwa.

"Mwezi huu nimepigiwa simu mbili," daktari akaendelea taratibu. "Mmoja kusini, mwingine kule kwenye ziwa magharibi. Kituo kilekile, mstari uleule. Mashahidi wao waliona haufanani na mchoro, lakini Fundi akawaonyesha alama yako, kwamba shahidi bora alikubali, nao wakakubali. Huyu wa pili ni mwalimu, amestaafu juzi. Siku hizi kanisani anakaa karibu na mlango." Akavua miwani. "Sasa mimi nimeitazama hii mara ishirini. Kila nikitazama naona kosa. Lakini wewe hukuona kosa, na wewe hukosei. Kwa hiyo nauliza: kuna kitu ulikiona pale ambacho mimi sikioni?"

Angemtukana, ingekuwa rahisi. Tusajigwe aliitazama kahawa kiganjani mwake. Alikuwa na jibu jepesi: daktari, nadhani mashine iliharibika. Lingeaminika. Lingemaliza mambo. Na Fundi angeendelea kuonyesha alama ile ya mia kwa mia kwa mashahidi wengine, Ijumaa hadi Ijumaa.

"Sikuona," alisema.

"Hukuona nini?"

"Sikuwa naangalia."

"Macho yako yalikuwa pale, Tusa. Yamepimwa."

"Macho yalikuwepo, daktari. Mimi sikuwepo."

Akamweleza. Alieleza vibaya, akaanza katikati, akarudi nyuma kwenye ndoo ya maji na kona ya migomba, akafika kwenye kuhesabu mpaka kumi. Alipomaliza daktari alikuwa ameacha kutafuna.

"Kitufe kilikuwa wapi?"

"Hapa." Akaonyesha shibiri.

"Ungebonyeza. Ungesema namfahamu, basi."

"Mbele ya wale? Niseme baba mkwe wangu ndiye huyo?"

"Ndiyo! Mbele ya wale. Ungesema hivyohivyo." Daktari alisema kwa nguvu. Hakusema pole. Alinyanyua simu. "Futeni somo la kituo cha kumi na tisa. Lote. Sasa hivi, si Ijumaa. Na tezi dume zote zisimamishwe mpaka nitakapowaambia." Akaishusha. Alinyoosha mkono ukutani akaitoa ile picha, akailaza mezani kifudifudi, bila hasira, kama mtu anayefunga dirisha mvua ikianza.

"Mgonjwa ana haki ya kuambiwa," alisema. "Na shahidi mwenyewe, kwa mdomo wake, ndani ya siku saba. Ndivyo sheria inavyosema. Akishaambiwa tunaweza kumrekebisha, kuna pete laini tunaivisha pale pa kubana, asilimia kubwa wanapona. Lakini safari ya pili yeye ndiye anayechagua nani akae kibandani. Ni haki yake."

"Nikimwambia, atajua nilikuwepo."

"Usipomwambia, nitaandika barua. Ataisomewa na nani, yeye macho hayamsaidii?"

"Na mwanawe."

"Na mume wako, basi."

Tusajigwe alisimama. Kahawa ilikuwa bado kiganjani, imelowa jasho. "Nitasema mwenyewe," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba daktari alimwomba arudie.

*

Ilimchukua siku tano. Siku ya sita, ukungu ulipopanda migombani na mama mkwe akawa amemaliza kumpa mzee uji, Tusajigwe alisimama kwenye ujia, mbele ya pazia la chumba cha baba mkwe, akapiga magoti.

"Mama," aliita. "Nina neno la kumwambia baba. Naomba unifikishie."

Ndivyo desturi inavyotaka: neno lipite kwa mama mkwe, hata kama mwenye kuambiwa yuko hatua mbili na masikio anayo. Mama mkwe alitoka na bakuli mkononi, akamwangalia kwa wasiwasi. "Ambilikile amepata ajali?"

"Hapana, mama. Mwambie baba kwamba mimi sifagii."

"Unasema nini?"

"Sifagii, mama. Mimi ni shahidi. Ndiye ninayekaa kuangalia mashine."

Ndani ya chumba nailoni ilitoa mlio, mtu amejigeuza. Mama mkwe hakufikisha lolote. Hapakuwa na haja.

"Mwambie siku ile alipokwenda…" Kyela hakuitaja. "Siku ile, aliyekaa kibandani nilikuwa mimi. Nilimtambua kwa sauti. Nilitakiwa kutoka, sikutoka. Mashine ilikosea, nami ndiye wa kuizuia, sikuizuia. Haikuwa radi."

Bakuli liliwekwa chini. "Mungu wangu," mama mkwe alisema polepole. "Mungu wangu, mtoto huyu. Kwa hiyo ulimuona? Baba yako? Ulikaa ukamtazama baba yako vile?" Akapiga makofi mawili, akajishika kichwa. "Na mashuka yangu unafua! Miezi sita unafua mashuka na unanyamaza! Mimi nakuombea kwa Mungu!"

"Tupokigwe," sauti ilisema kutoka ndani. "Nyamaza kidogo."

Miaka arobaini ya ndoa mama mkwe hakuwa amezoea kuitwa kwa jina lake mbele ya watu.

"Muulize shahidi," sauti ikaendelea, nzito, ya mtu aliyekaa miaka barazani, "aliona nini."

Mama mkwe alimgeukia Tusajigwe, machozi yanamtoka, wala hakuuliza.

"Mwambie sikuona kitu," Tusajigwe alisema. "Niliyaacha macho wazi na sikutazama. Sijamuona baba. Hilo ndilo kosa langu lenyewe. Ningemtazama angekuwa mzima."

Nje kuku walikuwa wanaparura. Kisha kutoka ndani kilitoka kitu ambacho Tusajigwe alidhani ni kilio, na kilikuwa kicheko, kifupi, kikavu, na katikati yake kikakatika ghafla, na wote watatu walijua kwa nini kimekatika.

"Basi heshima yangu iko salama," mzee alisema. "Suruali ndiyo imelowa."

"Baba Ambilikile!" mama mkwe alilalama.

"Niache. Sijacheka tangu mwezi wa pili." Akavuta pumzi. "Mimi nami nilidanganya. Nilibeba kikapu. Ningesema nyumbani humu kwamba naumwa nini, na huyu angesema anafanya kazi gani, tungekutana pale? Kila mtu alikuwa anaficha chupi yake." Akakohoa. "Kuna dawa?"

"Mwambie baba ipo," Tusajigwe alisema. "Watamvisha pete ndani. Ila atapaswa kulazwa tena vilevile. Na atachagua mwenyewe wa kukaa kibandani. Kuna shahidi mwanaume, wa chumba cha kwanza. Ni mtu mzuri. Mgeni, haijui nyumba yetu."

"Huyo mgeni, mashine ikimwambia shahidi bora alisema ndiyo, atafanya nini?"

"Lile somo limefutwa, baba." Lilimtoka moja kwa moja, bila kupitia kwa mama mkwe, akaziba mdomo kwa kiganja.

Mzee hakujali. "Limefutwa. Na mengine? Nimesikiliza mashahidi wengi mimi. Asiyemjua mtu, huyo husema haraka ili arudi nyumbani. Aliyekwisha kukosea mara moja, akajua amekosea, huyo husema polepole." Nailoni ikatoa mlio tena. "Nakutaka wewe. Lakini sitaki yale macho yako ya kwenye migomba. Unadhani sikuwa nayajua? Miaka sita nimepishana nayo, nikajiona mtu mkubwa."

"Watu watasema nini?" mama mkwe alinong'ona. "Mkamwana amtazame baba mkwe? Kanisani tutaingiaje?"

"Watakuwa wanasema ya radi." Sauti ikashuka, ikawa si ya barazani tena; ikawa ya mzee mmoja aliyechoka, aliyekaa juu ya nailoni tangu alfajiri. "Tusajigwe."

Hakuwahi kulisikia jina lake kinywani mwake.

"Kama utaweza kule, utaweza na hapa. Kama hapa huwezi, bora nijue leo. Nimevaa nilivyovaa, nimelowa, ndivyo nilivyo. Inua hilo pazia, mwanangu, unitazame."

Mama mkwe aliufunika uso kwa upande wa kanga. Pazia lilikuwa karibu kiasi kwamba pumzi ya Tusajigwe ililisukuma, likarudi, likasukumwa tena. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti. Alisikia harufu aliyoifua miezi sita. Alisikia, upande wa pili, mguu wa kiti ukikwaruza sakafu, kisha mwingine, taratibu, kwa taabu, mzee anakigeuza kiti kielekee mlangoni.